Haisi iliyolala betri kila Jumatatu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dodoma

Namba ya gari, njia inayopita, majina ya wahusika na gereji tatu zilizoligusa vimeondolewa.

## Gari lenyewe

Ni Toyota HiAce ya dizeli, injini ya 3L (sentimita za ujazo 2,779), imeshapita miaka 20 barabarani, inapiga daladala mjini Dodoma. Inatoka saa 10:30 alfajiri na kurudi saa 3 usiku, siku sita kwa wiki. Jumapili inapumzika uani kwa tajiri. Kwa hiyo kila wiki kuna usingizi mmoja mrefu, kuanzia Jumamosi saa 3 usiku hadi Jumatatu alfajiri, ambao ni saa 31 na nusu. Siku nyingine inalala saa saba na nusu tu.

Betri yake ni N70, ya ampea-saa 70. Kama daladala nyingi, imeongezewa vitu: redio isiyo ya kiwandani, amplifaya chini ya kiti cha abiria, taa za LED za dari na tundu mbili za kuchajia simu.

Malalamiko yalikuwa ya aina moja. Jumatatu gari haliwaki. Staata inagonga tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, na linasukumwa au kubustiwa kutoka gari la jirani. Jumanne hadi Jumamosi linawaka bila shida. Kwa miezi mitano zilinunuliwa betri mbili, kila moja zaidi ya shilingi laki mbili. Hali ilizidi mwezi Juni na Julai, alfajiri za Dodoma zinapokuwa na baridi: dizeli baridi inataka hita (plagi zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) ziwake muda mrefu zaidi, oili ni nzito, staata inavuta zaidi, na betri yenyewe inatoa kidogo.

Mtaani tatizo hili huitwa "shoti inayokula betri". Jina hilo linapotosha. Shoti ya kweli inakata fyuzi au inachoma waya, haisubiri hadi Jumatatu. Hapa kulikuwa na kitu kinachokunywa polepole, na ratiba ya gari ilishakitaja: saa saba na nusu hazitoshi kuiangusha betri, saa 31 zinatosha.

## Gereji ya kwanza

Fundi aliliwasha gari, akapima betri injini ikiwa inaunguruma, akapata volti 13.9. Kisha akafanya kile ambacho bado kinafanywa kila siku: alifungua kichwa cha hasi cha betri injini ikiwa inazunguka. Gari halikuzimika. Akasema altaneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, ni nzima, betri ndiyo imekufa. Betri mpya ikafungwa.

Jibu la kwamba altaneta inachaji lilikuwa sahihi, ila halikuwa jibu la swali lililoletwa gereji. Na ile njia ya kufungua betri injini ikizunguka ni ya kuachwa kabisa. Betri hufanya kazi ya kumeza miruko ya umeme. Ukiitoa ghafla, volti za altaneta zinaruka juu kwa kitambo kifupi, na zinaweza kuumiza dayodi (vipande ndani ya altaneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), regyuleta inayodhibiti volti za chaji, na chochote chenye elektroniki kwenye gari.

Wiki tatu zilipita vizuri kwa sababu betri ilikuwa mpya na ina akiba. Jumatatu ya nne, tik-tik-tik.

Hapo mambo yakahama kutoka kwenye waya kwenda kwa watu. Tajiri alianza kuhisi kwamba vijana wanakaa garini Jumapili wakipiga muziki, au kwamba betri yake nzuri imebadilishwa na kuukuu.

"Bosi, Jumapili gari liko uani kwako na ufunguo unao wewe," dereva alimjibu. "Muziki naupigia wapi?"

Betri ya pili ilinunuliwa hata hivyo.

## Gereji ya pili

Huyu alikuwa fundi umeme, na alianza vizuri. Asubuhi, injini ikiwa baridi, alifungua kichwa cha hasi kwa spana namba 10 na kuweka mita kati ya waya na betri, upande wa ampea 10. Ikasoma 0.98.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Alipochomoa fyuzi ya amplifaya, ile ya kwenye kishikio chake pembeni ya betri, mita ikashuka hadi 0.55. Akafuata waya na kukuta kosa la wazi. Waya wa buluu wenye mstari mweupe, ambao kazi yake ni kuiamsha amplifaya redio inapowaka, ulikuwa umesokotwa pamoja na waya wa njano wa redio, ule unaokuwa na moto saa zote ili redio isisahau stesheni. Amplifaya ilikuwa macho usiku na mchana, ikinywa ampea 0.43 bila kutoa hata mlio. Aliutenganisha, akaurudisha mahali pake na kufunga amplifaya upya. Ilipozimwa redio, nayo ikalala.

Kisha akatazama mita iliyobaki kwenye 0.55 na kusema hiyo ni milampea 55, matumizi ya kawaida ya saa na redio.

Kosa zima la gereji hii limo katika sentensi hiyo. Mita ikiwa kwenye tundu la ampea 10, namba inayoonekana ni ampea kamili. 0.55 ni milampea 550, mara kumi ya alivyosema. Gari la umri huu, ambalo halina kompyuta nyingi, linapaswa kukaa kati ya milampea 20 na 50. Kwenye tundu hilo ungeona 0.02 hadi 0.05, basi.

Gari liliwaka Jumatatu mbili mfululizo, likagoma ya tatu. Dereva alileta habari kwa upole: "Fundi, limepona nusu." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

## Gereji ya tatu

Hapa kazi ilianza kwa kuchaji betri polepole usiku kucha kwa chaja ya nje, kisha kuiacha itulie saa chache. Ilisoma volti 12.5. Kwa betri iliyotulia, 12.6 au 12.7 ni imejaa, 12.2 ni kama nusu, na 11.8 imekwisha. Betri hii ilikuwa imeangushwa mara nyingi lakini haikuwa ya kutupwa. Kupima uvujaji kwa betri iliyochoka ni kujichanganya, kwani volti zikiwa chini hata kinachovuja kinavuja kidogo.

Kipimo kilifanyika saa 3 usiku, gari likitoka kazini. Utaratibu:

1. Ufunguo umetolewa, milango yote imefungwa, ukiwemo wa kuvuta. Taa ya dari yenye balbu ya wati 10 peke yake inavuta karibu ampea 0.8, na imewahi kumtafutisha fundi kitu kisichokuwepo.

2. Waya wa pembeni wenye vibanio ulifungwa kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye waya wa bodi (mwili wa gari) kabla kichwa hakijafunguliwa. Mita ikaunganishwa sambamba nao, kisha waya huo ukaondolewa taratibu. Hivyo umeme haukatiki hata kidogo, na hakuna kitu kinachoamka upya na kuvuruga namba.

3. Wakasubiri dakika 20. Hakuna mtu wa kufungua mlango, hakuna wa kugusa ufunguo.

Tahadhari juu ya mita. Ile ndogo ya njano ya bei rahisi huandikwa pembeni ya tundu lake la ampea 10 kwamba halina fyuzi. Mtu akipiga staata au akiwasha hita mita ikiwa kwenye mstari, hakuna kitakachoiokoa, na nyaya zake zitayeyuka mkononi mwako.

Mita ilisoma 0.74. Saa 10 alfajiri, gari likiwa halijaguswa, ilisoma 0.55.

Namba hizi mbili ndizo zilizofungua kisa. Kitu chenye balbu hakibadiliki hivyo, redio haibadiliki hivyo. Kinachovuja zaidi kikiwa cha moto na kupungua kikipoa kinanuka dayodi. Tena kwenye HiAce hii injini iko chini ya viti vya mbele, joto lake halitoki haraka.

Hata hivyo hawakurukia altaneta. Badala ya kuchomoa fyuzi, walipima volti juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake. Mita iliwekwa kwenye milivolti 200, ncha mbili zikaguswa kwenye vidoa viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa fyuzi. Umeme ukipita, fyuzi huonyesha milivolti chache kwa sababu ina ukinzani mdogo. Kwa fyuzi ya ampea 10 ya ukubwa wa kawaida, milivolti 1 ni takriban ampea 0.13. Kwa ya ampea 15 ni kama 0.2, kwa ya 20 ni kama 0.3. Faida yake ni kwamba huchomoi kitu, hivyo hakuna kinacholala na kuamka.

Fyuzi zote zilisoma sifuri isipokuwa moja ya ampea 10, ya saa na kumbukumbu ya redio: milivolti 0.2. Hiyo ni ampea 0.03 hivi, halali kabisa.

Basi hesabu ikawa hii. Usiku jumla ni 0.74, kupitia fyuzi ndogo ni 0.03. Ampea 0.71 zinapita njia isiyo na fyuzi ndogo. Kwenye gari hili njia hizo hazizidi tatu: waya mnene wa staata, mkondo wa hita za injini, na waya mnene wa altaneta unaopita kwenye fyuzi kubwa ya ALT pekee. Rilei (swichi ya umeme) ya hita ikinasa inavuta makumi ya ampea, betri isingefika hata asubuhi. Wakabaki wawili.

Fundi aliweka kiganja mgongoni mwa altaneta. Saa 10 alfajiri, Julai, bloku ya injini ilikuwa baridi kama jiwe la uani. Altaneta ilikuwa vuguvugu. Ampea nusu na zaidi kwa volti 12 ni wati saba hivi, na wati saba usiku kucha zinajisikia mkononi.

Kuthibitisha: kichwa cha hasi kilifunguliwa kwanza, ndipo nati ya waya mnene wa B, ule unaotoka altaneta kwenda betri, ikafunguliwa mgongoni mwa altaneta. (Ukianza na nati, spana ikigusa bloku utaona cheche za kukufundisha.) Ncha ya waya ikazungushiwa kipande cha tyubu, betri ikarudishwa na mita. Ilisoma 0.03. Waya wa B ukarudishwa, ikapanda tena. Soketi ndogo ya nyaya za regyuleta ikachomolewa peke yake, namba haikutikisika. Uvujaji ulikuwa kwenye dayodi, si kwenye regyuleta.

## Uamuzi wa matengenezo

Njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa kufunga swichi ya kukata betri na kuzoea kuizima kila usiku. Ni rahisi, na wengi huishia hapo. Ilikataliwa kama dawa ya kudumu kwa sababu dayodi inayovuja haibaki ilivyo: ikija kufa kabisa inaua chaji barabarani. Ilikubaliwa kama kinga ya muda, bila swichi, dereva akifungua hasi kwa spana kila akilaza gari.

Ya pili ilikuwa kununua altaneta kamili iliyotumika. Bei yake ni nafuu, lakini hakuna anayejua dayodi zake zikoje, na muuzaji ataipima kwa kuchaji tu. Kipimo hicho hata hii iliyoharibika ilikipita.

Ya tatu, iliyochaguliwa, ilikuwa kubadilisha bodi ya dayodi peke yake. Beringi hazikuwa na mlio, kaboni bado zilikuwa ndefu, koili zilipimwa na hazikugusa bodi. Kifaa hakikupatikana Dodoma siku hiyo. Kiliagizwa Dar es Salaam kikaja na basi, gari likaendelea na kazi.

Altaneta ya injini hii ina pampu ya vakyumu ya breki mgongoni, inayolainishwa na oili ya injini. Kuitoa si suala la mkanda na bolti mbili. Mabomba ya oili na ya vakyumu lazima yafunguliwe na kurudishwa bila kubana wala kuvuja. Baada ya kufunga, injini iliachwa iungurume dakika chache na pedali ya breki ikajaribiwa gari likiwa limesimama. Anayeharakisha hatua hii anapeleka abiria barabarani bila msaada wa breki.

Juu ya meza, kila dayodi ya bodi ya zamani ilipimwa njia mbili. Dayodi nzima husoma kama 0.4 hadi 0.6 upande mmoja na kukataa upande wa pili. Moja ya upande wa chanya na moja ya upande wa hasi zilisoma pande zote mbili. Ndivyo inavyotakiwa ili betri ivuje: umeme ukipenya dayodi ya chanya unafika kwenye koili, na bila mwenzake wa upande wa hasi kupenya hauna njia ya kufika bodi.

## Matokeo

Baada ya kufunga, usiku na alfajiri mita ilisoma 0.03. Jumamosi usiku betri ilikuwa 12.6, Jumatatu alfajiri 12.5. Wakati wa kupiga staata volti zilishuka hadi 10.1 na kurudi. Zingeshuka chini ya 9.6, betri ingehesabiwa imechoka. Jumatatu nne zilifuatiliwa, zote liliwaka kwa mara ya kwanza. Betri haikubadilishwa.

## Kilichofanya kazi, kilichokwama

Gereji ya pili inastahili heshima kuliko inavyopewa. Ilipata tatizo la kweli na kulitengeneza vizuri. Ilichokosa ni kufunga hesabu. Konda wa daladala harudi kwa tajiri na nusu ya hesabu akasema siku imeisha. Ampea nazo ni hivyohivyo. Asubuhi ile zilikuwa 0.98. Amplifaya 0.43, saa na redio 0.03, zinabaki 0.52 zisizo na mwenyewe. Namba ilikuwa mbele ya macho, ikasomwa mara kumi ndogo.

Gari kuukuu mara nyingi lina wanywaji wawili. Ukimpata wa kwanza unaridhika, hasa akiwa kosa la wazi kama waya uliosokotwa na mtu mwingine. Hapa wa kwanza ndiye aliyemficha wa pili: bila amplifaya, matumizi ya Jumapili yalishuka kutoka ampea-saa 32 hivi hadi kama 19. Betri mpya iliyojaa inavumilia 19. Betri inayoshinda kwenye safari fupi, vituo vingi, taa na muziki, haijai kila Jumamosi, na ndiyo maana "nafuu" ilidumu wiki mbili.

Kuchomoa fyuzi si njia mbaya, ila inaona kinachopita kwenye fyuzi tu. Ukimaliza sanduku lote na mita bado inasoma, usirudie sanduku. Nenda kwenye nyaya nene.

Namba pia inataja mtuhumiwa kabla hujafungua kitu. Gawanya wati kwa 12: balbu ya wati 5 ni 0.4, ya wati 10 ni 0.8. Amplifaya iliyo macho bila sauti ni karibu nusu ampea. Makumi ya ampea ni hita au kitu kikubwa kilichonasa. Namba inayotembea na joto ni dayodi.

Nini kiliziumiza dayodi hizo? Kile kipimo cha kufungua betri injini ikizunguka kimo kwenye orodha, pamoja na kubustiwa mara kwa mara na kuoshwa injini kwa mashine ya maji ili kutoa vumbi. Kwa hili la mwisho, altaneta sasa inafunikwa kwa mfuko wa plastiki kabla ya kuosha, na mfuko unatolewa kabla ya kuwasha.

Kuhusu tuhuma za muziki wa Jumapili: tajiri alioneshwa mita alfajiri, uani kwake, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, ikisoma 0.55. Hakusema kitu. Siku ya kufunga bodi mpya ya dayodi alikuja mwenyewe na kuomba aoneshwe tena, na ilipotulia kwenye 0.03 dereva akachukua kalamu ya wino mzito akaiandika namba hiyo na tarehe juu ya mfuniko wa betri.